Ubingwa wa Dakika 180

Ziondoe mechi mbili za watani kwenye msimamo wa mwisho wa Ligi Kuu ya NBC msimu wa 2024/25, na bingwa ni Simba. Hayo si maneno ya shabiki aliyekosa usingizi, ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Yanga ilimaliza na pointi 82, Simba 78. Katika hizo 82, sita zilitoka kwa Simba. Katika 78 za Simba, hakuna hata moja iliyotoka kwa Yanga. Kwa hiyo, dhidi ya timu nyingine 14, ambazo kila mmoja alicheza nazo mechi 28, Yanga ilivuna pointi 76 kati ya 84 na Simba ikavuna 78.

Hesabu nyingine inauma zaidi pale Msimbazi. Simba ilipoteza mechi mbili tu msimu mzima, na zote mbili ni kwa Yanga. Timu 14 zilikutana nayo nyumbani na ugenini, kuanzia Agosti hadi Juni, na hakuna iliyoifunga. Yanga nayo ilipoteza mbili, ila zake zilitoka kwingine: kwa Azam na kwa Tabora United. Aliyefungwa na wengine akachukua kombe, na ambaye hakufungwa na wengine akabaki kutazama sherehe za jirani.

Sisemi haya ili kumpunguzia Yanga taji lake. Pointi za dabi ni pointi kama nyingine, na timu inayofungwa na mtani wake nyumbani na ugenini haina pa kupeleka malalamiko. Ninachotaka tukitazame ni kwamba ligi yenye timu 16 na mechi 240 iliishia kuamuliwa na mechi mbili. Ukilielewa hilo ndipo unaelewa kilichotokea Machi 8, 2025, siku ambayo hadi leo watu wengi wanaizungumzia kana kwamba ilikuwa habari ya mageti na makomandoo peke yake.

Tuanze na pointi nane ambazo Yanga ilizidondosha, maana zote zinaingia kwenye mechi tatu. Hadi mwisho wa Oktoba 2024 Wananchi walikuwa wameshinda mechi zao zote za ligi na nyavu zao hazijaguswa. Novemba 2 wakawakaribisha Azam kwenye uwanja wa Chamazi, ambao ni wa Azam wenyewe ila Yanga ndiyo iliyokuwa ikiutumia kama nyumbani. Beki Ibrahim Hamad 'Bacca' akatolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza, Gibril Sillah akafunga, mechi ikaisha 1-0. Siku tano baadaye, uwanja uleule, Tabora United wakashinda 3-1, mawili kati ya hayo yakifungwa na Offen Chikola. Msimu mzima Yanga iliruhusu mabao 10 tu, na manne kati yake yaliingia ndani ya siku hizo chache.

Miguel Gamondi alikuwa ametoka kuipa klabu ubingwa na Kombe la Shirikisho la TFF, na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Novemba 15 akafungashiwa virago. Akaja Sead Ramovic akitokea TS Galaxy ya Afrika Kusini, na pamoja naye ikaja kauli iliyotapakaa mpaka kwa watoto wa mitaani: Gusa, achia, twende kwao. Kwenye ligi Ramovic alishinda kila mechi aliyoisimamia. Kimataifa alianza vibaya kwa kufungwa na Al Hilal ya Sudan na MC Alger, akaja kuzinduka kwa kuchelewa, na Januari 18 sare tasa na MC Alger ikaitoa Yanga mashindanoni. Wiki mbili baada ya hapo Ramovic mwenyewe akaondoka kwenda CR Belouizdad ya Algeria.

Nafasi yake ikachukuliwa na Miloud Hamdi. Hapa msomaji asipite haraka. Hamdi alikuwa ametambulishwa muda mfupi kabla kuwa kocha wa Singida Black Stars, timu iliyokuwa juu kwenye msimamo na yenye ndoto zake za kimataifa. Yanga ilipokosa kocha, kocha wa Singida akawa kocha wa Yanga, na ligi ikaendelea kana kwamba ni mchezaji wa akiba aliyebadilishwa. Mechi yake ya kwanza ilikuwa sare ya 0-0 na JKT Tanzania. Baada ya hapo hakudondosha tena pointi ya ligi hadi filimbi ya mwisho ya msimu.

Makocha watatu, basi, na ubingwa. Simba ilikuwa na kocha mmoja, Fadlu Davids, tangu maandalizi ya msimu hadi mwisho, ikamaliza ya pili. Wachambuzi tunaopenda kuhubiri utulivu wa benchi la ufundi, nami nikiwemo, tuna la kujibu hapo. Jibu langu ni kwamba kikosi cha Yanga kilikuwa kimekaa pamoja muda mrefu kuliko kocha yeyote: Djigui Diarra golini, Bacca na Dickson Job mbele yake, Khalid Aucho katikati, kisha Pacome Zouzoua, Maxi Nzengeli na Stephane Aziz Ki. Hao walikwishajuana. Kocha alibadilisha mwendo, njia wachezaji walikuwa wanaijua. Na mabao hayakumtegemea mtu mmoja. Clement Mzize alifunga 14, Prince Dube 13, viungo wakaongeza yao, jumla timu ikafunga 83 katika mechi 30.

Simba ilikuwa hadithi tofauti kabisa. Dirisha kubwa la 2024 ilibomoa na kujenga upya. Clatous Chama, aliyekuwa sura ya timu kwa miaka, alivuka kwenda Jangwani, kwa Yanga. Wakaingia Moussa Camara kutoka Guinea, Jean Charles Ahoua kutoka Ivory Coast, Steven Mukwala wa Uganda, Leonel Ateba wa Cameroon, Debora Mavambo, Joshua Mutale, na dirisha dogo akaongezwa Elie Mpanzu. Kauli ya msimu ilikuwa Ubaya Ubwela. Wengi, wakiwemo wana Simba wenyewe, waliuchukulia kuwa msimu wa kujenga. Badala yake timu hiyo changa ikamaliza ligi bila kufungwa na timu yoyote isipokuwa moja, ikatoa mfungaji bora, Ahoua, kwa mabao 16, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kelele za vijiwe vya Kariakoo kuhusu penalti za Ahoua nazisikia. Penalti ni nyingi kweli kwenye mabao yake, lakini lazima mtu aingie kwenye boksi kwanza ndipo aangushwe.

Sasa tazama pointi 12 za Simba zilizopotea. Sita ni za dabi. Sita nyingine ni za sare tatu, na katika sare zote tatu Simba ilikuwa inaongoza. Oktoba 4 kwenye uwanja wa KMC, Mwenge, iliongoza 2-0 mbele ya Coastal Union, na Wagosi wa Kaya wakazirudisha zote mbili. Februari 24 iliongoza 2-1 mbele ya Azam, kijana Zidane Sereri akasawazisha dakika za jioni. Katikati ya hizo mbili kuna ile ya Babati.

Februari 6, 2025, uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Simba ikiongoza 1-0 dhidi ya Fountain Gate. Ladack Chasambi, winga kijana, anapokea mpira upande wa kwao. Hana presha ya kutisha. Anaamua kumrudishia kipa, jambo ambalo mchezaji wa kulipwa hulifanya bila kufikiri. Camara hayupo pale mpira ulipoelekezwa. Mpira unabingirika, si kwa kasi, unampita, unaingia wavuni. Ikawa 1-1 na ikabaki hivyo. Kwa siku kadhaa baada ya pale kijana huyo alibebeshwa lawama za watu wazima wengi waliokuwa na nafasi ya kufunga la pili na la tatu wasifunge.

Weka tukio hilo pembeni ya lile la Oktoba 19, 2024. Dabi ya mzunguko wa kwanza, Simba mwenyeji, mechi inaelekea sare tasa. Dakika ya 86 mpira wa adhabu unamiminwa golini, Camara anaupangua, Maxi anaurudisha, unamgusa beki Kelvin Kijili na kuzama wavuni. Simba 0, Yanga 1, bao la kujifunga.

Fanya hesabu ya tatu. Kama Kijili asingeguswa na mpira ule na mechi ikaisha bila bao, Yanga inapungukiwa pointi mbili na Simba inaongezewa moja. Kama pasi ya Chasambi ingemfikia kipa, Simba inaongezewa mbili nyingine. Katika hali hiyo Simba ingeingia mechi ya mwisho ya msimu na pointi 81 mbele ya Yanga yenye 77, yaani ingekuwa imeshatawazwa. Najua mpira hauchezwi hivyo, kwamba ukibadilisha tukio moja la Oktoba kila kinachofuata kinabadilika. Lakini nimeiweka hesabu hii ili ionekane upana wa pengo lenyewe. Mabao mawili ya kujifunga, yote bila kusukumwa na ufundi mkubwa wa mpinzani, yanatosha kugeuza ubingwa wa mechi 30. Hali hiyo hutokea pale ambapo timu mbili zinashinda karibu kila kitu na hakuna mwingine wa kuzipunguza.

Na ushahidi mkubwa wa hilo unaanza Machi. Asubuhi ya Machi 8, Yanga ilikuwa na pointi 58 kwa mechi 22, Simba 54 kwa mechi 21. Kuanzia hapo hadi mwisho wa msimu, ukiacha dabi, Yanga ilicheza mechi saba na Simba nane. Zote 15 zilishindwa na hao wawili, wakavuna pointi 45 kati ya 45. Miezi mitatu na nusu ya ligi ya taifa, na hakuna timu iliyopata walau sare mbele ya mmoja wao. Waliokuwa wakisema mbio za ubingwa zilikuwa za kusisimua walikuwa sahihi kwa upande mmoja tu: tulikuwa tunasubiri tarehe ya dabi.

Sasa turudi kwenye siku yenyewe. Jioni ya Machi 7 Simba ilifika uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, kama kanuni ya 17(45) inavyompa haki mgeni. Haikuingia. Ilisema imezuiwa getini na walinzi wa Yanga, wale waitwao makomandoo, na usiku uleule ikatangaza kwamba haitacheza. Upande wa pili ukasema taratibu za kutoa taarifa hazikufuatwa. Siku ya mechi, mashabiki wengine wakiwa tayari wameshaingia mjini kutoka mikoani, Bodi ya Ligi ikatangaza kuiahirisha mechi ili ipate muda wa kuchunguza. Yanga ikapeleka timu uwanjani kwa muda uliopangwa, ikaonekana, ikaondoka, na kuanzia hapo ikadai pointi tatu zake na kusema haitacheza tena mechi hiyo.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa nani alikosea. Wa Simba wakasoma kifungu cha mazoezi. Wa Yanga wakasoma kifungu kinachohusu timu isiyofika uwanjani. Kila upande ulikuwa na kifungu chake mkononi, na hapo ndipo penye kasoro: kanuni zilieleza haki ya mgeni kufanya mazoezi, na zilieleza adhabu ya kutofika, lakini hazikuunganisha vitu hivyo viwili. Mgeni akinyimwa mazoezi, anaruhusiwa kugoma? Nani anaamua usiku ule, na kwa saa ngapi? Pengo hilo likajazwa na kikao kilichoamua mchana wa siku ya mechi, na uamuzi wa mchana wa siku ya mechi hauwezi kumridhisha mtu yeyote.

Wenye kumbukumbu watasema haikuwa mara ya kwanza. Mei 8, 2021, dabi nyingine ilivunjika kwa sababu muda wa kuanza ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo. Safari ile Yanga ndiyo iliyoishika kanuni, ikapeleka timu saa 11, ikaondoka, na Simba ikabaki inasubiri ya saa 1. Mechi ikarudiwa Julai 3, Zawadi Mauya akafunga bao pekee, ingawa ubingwa ulikwenda Simba. Miaka minne baadaye majukumu yakageuzwa, hoja zikabadilishana jezi, na viongozi wale waliokuwa wakali kuhusu kanuni mwaka 2021 wakawa wepesi mwaka 2025, na wa upande wa pili vivyo hivyo. Kwa hiyo mimi siangalii nani alikuwa na haki. Naangalia kwamba vyombo vya ligi vilikuwa na miaka minne ya kuandika utaratibu wa kuvunjika kwa dabi na havikuuandika.

Yanga ikaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambayo ilikataa shauri hilo kwa kuwa ngazi za ndani zilikuwa hazijamalizwa. Wiki zikapita. Mechi ikapangiwa Juni 15, ikasogezwa tena hadi Juni 25. Katikati ya hayo uongozi wa juu wa Bodi ya Ligi ukabadilika. Na ilipofika siku yenyewe, mwamuzi wa kati alikuwa Amin Omar kutoka Misri. Tanzania ina waamuzi wenye beji ya FIFA wanaochezesha mechi za wenzetu barani, lakini mechi yetu kubwa ikaonekana haiwezi kuaminiwa kwa mkono wa Mtanzania. Wapo walioshangilia uamuzi huo. Mimi niliuona ni aibu, japo sitabisha kwamba ulipunguza joto.

Tuseme pia jambo la haki kuhusu Simba na kuchelewa huko. Safari ya Kombe la Shirikisho Afrika iliwaachia viporo vingi. Kwenye fainali, Mei 17 walifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, Mei 25 wakatoka 1-1 kwenye marudiano yaliyopelekwa New Amaan, Zanzibar, badala ya kwa Mkapa. Siku chache baadaye wakatolewa na Singida Black Stars kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF. Mguu uliocheza mechi hizo zote ndio uliotakiwa kuja kuamua ubingwa. Yanga, iliyotoka Afrika Januari, ilikuwa na nusu msimu mzima wa kufanya mazoezi wiki nzima kwa ajili ya mechi moja. Kutolewa mapema kimataifa ndiko kulikoipa Yanga ubingwa wa nyumbani, kwa kiasi kikubwa kuliko klabu yenyewe inavyopenda kukiri.

Lakini Yanga nayo ilikuwa na upungufu wake siku ile ya Juni 25. Aziz Ki, mfungaji bora wa msimu uliotangulia kwa mabao 21, alikuwa ameshahamia Wydad Casablanca na alikuwa Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Yanga ilikuwa na 79, Simba 78. Sare ingetosha kwa mwenyeji. Hali hiyo humweka mgeni mahali pabaya, maana lazima ajitokeze, na Simba ya Davids ilikuwa timu nzuri zaidi inapomsubiri mpinzani kuliko inapolazimishwa kumfuata. Kipindi cha pili Pacome akapata penalti na kuifunga mwenyewe. Simba ikafunguka zaidi. Mzize akamaliza la pili. 2-0, ubingwa wa 31 kwa Yanga, wa nne mfululizo. Siku nne baadaye ikaongeza Kombe la Shirikisho la TFF kwa kuifunga Singida Black Stars 2-0 Zanzibar.

Ukirudi nyuma misimu minane kutoka hapo, Simba ilichukua minne ya kwanza, 2018 hadi 2021, na Yanga minne iliyofuata. Tangu 2001 hadi 2025 ni Azam peke yake, msimu wa 2013/14, iliyoingia katikati. Kabla ya hapo Mtibwa Sugar ilichukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Wazee wanaikumbuka Mseto ya Morogoro 1975, Pan African 1982, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union 1988. Vigogo walikuwepo miaka hiyo pia, na mashabiki wao walikuwa wengi vilevile, ila klabu ya mkoani yenye kiwanda, halmashauri au shirika nyuma yake ingeweza kushika wachezaji wake kwa misimu miwili mitatu. Siku hizi haiwezi. Mtibwa ilishuka 2024 na ikapanda tena mwaka uliofuata. Kagera Sugar, Wanankurukumbi, ilishuka msimu huo wa 2024/25 pamoja na KenGold ya Chunya iliyokuwa ikicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza.

Fedha kwenye ligi zimeongezeka, hilo halina ubishi. Mkataba wa haki za televisheni uliosainiwa na Azam Media mwaka 2021 ni wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, na NBC wanadhamini jina la ligi. Klabu ndogo zinalipa mishahara kwa uhakika kuliko miaka ya nyuma. Lakini pesa hiyo inainua sakafu tu. Dari liko kwa wafadhili binafsi wa Msimbazi na Jangwani na kwenye mapato ya CAF, ambayo wanaoyapata ni walewale. Mtu atauliza, mbona Azam wana pesa? Wanayo. Walimaliza wa tatu na pointi 63, yaani 15 nyuma ya Simba, Singida Black Stars wakifuata na 57. Azam walimfukuza Youssouph Dabo msimu ukiwa bado mchanga baada ya kutolewa na APR ya Rwanda, wakamleta Rachid Taoussi. Waliifunga Yanga, wakaibana Simba, halafu wakapoteza pointi mbele ya timu ambazo vigogo wawili walikuwa wakizifunga bila jasho. Hiyo ndiyo Azam tunayoijua karibu kila mwaka: ina uwezo wa kumfunga yeyote na haina tabia ya kufunga kila mtu.

Wengine 13 shida yao ni nyingine. Mchezaji wao akiwika tu, anaondoka. Chikola, yule aliyemfukuzisha Gamondi kwa mabao mawili ya Chamazi, dirisha la Julai 2025 alisaini Yanga. Jonathan Sowah, mshambuliaji wa Ghana aliyeingia Singida Black Stars Januari na kuanza kufunga mfululizo, akasaini Simba. Hata nahodha wa Simba, Mohamed Hussein 'Tshabalala', naye akahamia Yanga. Tabora haikuizuia Yanga kumchukua aliyeiumiza, kama ambavyo Singida haikuizuia kuchukua kocha. Siwalaumu wachezaji, maisha ya soka ni mafupi na Yanga inalipa. Ila usishangae msimu mwingine pia ukisikia pointi 80 hazitoshi kuchukua ubingwa.

Hali hiyo haitabadilika kwa msimu mmoja, wala Bodi ya Ligi haina uwezo wa kuibadilisha peke yake. Kuna jambo moja lililo ndani ya uwezo wake. Iandike kwenye kanuni nani anafungua geti la uwanja kwa ajili ya mazoezi ya mgeni, kamishna wa mechi awe pale saa ngapi, mwenyeji akizuia adhabu yake ni ipi, na kwamba mgeni aliyezuiwa atacheza kwanza ndipo alalamike. Itaje saa ya mwisho ambayo baada yake mechi haiahirishwi ila kwa mafuriko au msiba wa taifa. Haihitaji mdhamini mpya wala fedha za televisheni. Inahitaji kikao kimoja, na kanuni hizo zitangazwe kabla ratiba ya dabi haijatoka.